Vimelea vya Bonde la Rufiji na Figo ya Kupandikizwa

Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ikiisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, iliingia katika delta ya Rufiji ikajificha baina ya mikoko. Ilikaa humo hata Julai 11, 1915, ilipopigwa mizinga ikaharibika kabisa. Waandishi wa vita wameieleza sana mizinga hiyo, na ndege zilizotumwa kuitafuta meli. Mbu hawakupewa ila mistari michache. Hata hivyo mabaharia wale walipungua kwa homa na kuhara kabla hawajapunguzwa na adui. Mambo yalikuwa yale yale mwanzoni mwa 1917, majeshi ya Waingereza yalipoufikia mto wakati wa mvua kubwa. Maelfu ya askari wa Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao kwa sababu ya malaria, na askari wa Nigeria waliobaki Rufiji waliteseka kwa njaa na maradhi. Wapagazi katika vita vile walikufa wengi kuliko askari, na wengi wao hawana makaburi yanayojulikana.

Nao hawakuwa wageni wa kwanza kushindwa na nchi hiyo. Mwaka 1879 Keith Johnston, aliyeongoza msafara uliotoka Dar es Salaam kwenda maziwa ya bara, alifika Behobeho, kaskazini ya mto, akafa huko Juni 28 kwa tumbo la kuhara damu. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja.

Katika miaka hiyo yote Warufiji na Wandengereko walikuwa wakilima mpunga katika bonde lile lile, wakivua katika maziwa yake, wakikata boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba. Mpunga wao ulilisha Unguja. Wageni waliowaona walidhani ya kwamba watu hawa wameumbwa kwa namna nyingine, na maradhi ya mto hayawapati. Dhana hiyo ilikuwa ya uvivu. Maradhi yaliwapata sana, ila yaliwapata mapema, wakiwa watoto wachanga, na wengi walizikwa kabla ya kujua kutembea. Waliobaki walikuwa wamenunua kwa thamani kubwa jambo ambalo katika makala haya litaitwa suluhu: mwili na kimelea kukaa nyumba moja bila ya mmoja kumwangamiza mwenziwe. Habari ya suluhu hiyo ni ya kale, lakini imepata maana mpya tangu matabibu wa Tanzania walipoanza kupandikiza figo, kwa kuwa dawa anazopewa mpandikizwa humvunjia suluhu yake. Mtu aliyezaliwa Mohoro au Nyamisati hurudishwa katika hali ya baharia wa Königsberg: mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Ili kuifahamu suluhu hiyo yapasa kutazama maisha ya bondeni. Rufiji ni mto wa mafuriko. Maji hupanda wakati wa masika, yakashuka yakiacha matope yenye rutuba, na mkulima hupanda tena mazao ya mlau katika unyevu uliobaki. Mpunga hauwezi kuachwa peke yake. Kuna ndege mchana, na usiku kuna nguruwe na viboko. Kwa hiyo watu walihamia mashambani na watoto wao, wakakaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, miezi kadha wa kadha kila mwaka. Mtu akilala dunguni yu juu ya maji lakini yu katikati ya mbu. Asubuhi hushuka akaingia majini hata magotini. Adhuhuri akipata haja, choo ni kichaka, na njia ya kurudi shambani hukanyagwa kwa miguu mitupu. Msomaji anayejua elimu ya vimelea ataona ya kwamba katika siku moja hiyo mtu huyo amewafungulia mlango wote, wa damu, wa ngozi na wa tumbo.

Lugha yenyewe yashuhudia ya kwamba watu wa pwani waliwajua wageni hao wa mwilini zamani sana, ingawa hawakuwaona kwa macho. Walikuwa na neno matende kwa mguu uliovimba na kuwa mgumu, na busha au mshipa kwa uvimbe wa korodani, nao walisema ya kwamba busha huletwa na kunywa madafu kupita kiasi. Walikuwa na kichocho kwa maradhi ya kukojoa damu. Safura, neno lililotoka katika Kiarabu kwa maana ya umanjano wa nyongo, lilikuwa jina la mtu aliyepauka, akavimba uso, akahema kwa kazi ndogo, na pengine akatamani kula udongo. Mchango ulikuwa neno pana la mambo yote ya tumbo yanayosokota. Maneno haya yanataja dalili, wala hayataji chanzo, na kwa hiyo matende na busha yalihesabiwa kuwa maradhi mawili yasiyohusiana, hali mnyoo wao ni mmoja. Lakini mtu asifanye haraka kucheka. Hata Ulaya chanzo cha matende hakikujulikana mpaka Patrick Manson, akiwa tabibu huko Amoy nchini China, alipoonyesha katika miaka ya 1877 na 1878 ya kwamba viluwiluwi vya mnyoo huo hunyonywa na mbu pamoja na damu. Yeye ndiye aliyegundua pia ya kwamba viluwiluwi hivyo hujaa katika damu ya juu usiku, wakati mbu wanapouma, na mchana hujificha ndani. Theodor Bilharz alikuwa amekwisha kuuona mnyoo wa kichocho huko Kairo mwaka 1851, lakini ilipita zaidi ya miaka sitini hata Robert Leiper alipothibitisha, mwaka 1915, kazi ya konokono wa majini.

Kichocho cha Rufiji ni kile cha mkojo. Konokono wake hawapendi chumvi, na kwa hiyo delta yenyewe imegawanyika: pale maji ya bahari yanapopanda kati ya mikoko hawaonekani, bali juu kidogo, katika mabwawa na vijito vya maji matamu, na kandokando ya maziwa kama Utunge, Ruwe na Zumbi, wao ndio wenyeji. Watoto huambukizwa wakiogelea na kuvua. Katika sehemu nyingi za Afrika mkojo wa damu wa kijana ulihesabiwa kuwa dalili ya kukua tu, hauna haja ya dawa. Hatari yake huja polepole. Mayai yaliyokwama katika ukuta wa kibofu na katika mirija iletayo mkojo hufanya makovu. Mirija huziba, mkojo hurudi nyuma, na figo hujaa maji mpaka ikaharibika. Mtu wa miaka arobaini aweza kupoteza figo zake kwa sababu ya maji aliyoogelea akiwa na miaka minane. Malaria nayo haikosi sehemu yake. Mwaka 1967 John Kibukamusoke na wenzake huko Uganda walieleza uhusiano wa malaria ya siku ya nne na maradhi ya figo yanayovimbisha mwili wa mtoto. Basi vimelea huingia katika habari ya figo kabla ya kisu cha mpasuaji, kwa maana pengine ndivyo vilivyomleta mgonjwa kitandani.

Serikali zilizopita kila moja ilikuwa na njia yake ya kuyakabili maradhi hayo. Wajerumani walimleta Robert Koch, aliyechunguza malaria Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898, kisha wakajaribu kuisafisha miji kwa kwinini. Bonde halikuguswa sana. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Serikali ya Tanzania iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kukaa vijijini katika nchi ya juu, katika kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, lakini mashamba yalibaki bondeni, na mkulima hawezi kulima kwa kutazama tu. Wengi waliendelea kushuka kila msimu kwenda madunguni. Nchi hiyo ya juu ndiyo iliyokuza miji ya Ikwiriri na Kibiti, na mwongo wa 2010 haujaisha Kibiti ilikuwa imetengwa na Rufiji ikawa wilaya yake, pamoja na sehemu kubwa ya delta.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwishoni mwa karne ya ishirini. Kuanzia 1998 watafiti walianza kuandika vizazi, vifo na uhamaji katika maelfu ya nyumba za Rufiji, na wakuu wa afya wa wilaya wakajifunza kugawa fedha zao kwa kufuata hesabu ya maradhi yanayoua. Vifo vya watoto vilipungua sana katika miaka iliyofuata. Vyandarua vilienea. Nao mradi wa taifa wa kuondoa matende, ulioanza Mafia mwaka 2000, ulifika Rufiji ukagawa kila mwaka dawa mbili, ivamektini na albendazoli, kwa mzima na mgonjwa pamoja. Lengo la ugawaji huo lilikuwa mnyoo wa matende. Lakini dawa haichagui, nayo hupiga vimelea vingine pia, na jambo hili lina maana kubwa kuliko lilivyosemwa.

Sasa yafaa kueleza habari ya kupandikiza. Neno lenyewe ni la mkulima: mche hung'olewa kitaluni ukatiwa katika shamba jingine, nao huenda na udongo ulioshika mizizi yake. Matabibu walipolichukua neno hilo walichagua vema kuliko walivyojua. Figo ya kwanza iliyokubali kukaa katika mwili wa mtu mwingine ilipandikizwa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954, na Joseph Murray. Mtoaji na mpokeaji walikuwa pacha waliofanana kabisa, na kwa sababu hiyo mwili haukuiona figo kuwa kitu kigeni. Wagonjwa wengi hawana pacha. Ilipasa ipatikane dawa ya kuutuliza ulinzi wa mwili, nayo ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, azathioprini pamoja na dawa za jamii ya prednisoloni, na baada ya miaka ishirini hivi ikaja siklosporini, iliyotolewa katika kuvu wa udongo wa Norwei. Ni jambo la ajabu kidogo ya kwamba ivamektini nayo ilitokana na kijidudu cha udongo, wa Ujapani. Udongo mmoja umetoa dawa ya kuwalaza walinzi, na mwingine dawa ya kumwua mwizi.

Tanzania iliwapeleka wagonjwa wake India kwa miaka mingi. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza nchini kwa msaada wa matabibu kutoka New Delhi, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa huko Dodoma ikaanza kazi hiyo kwa msaada wa Wajapani. Mtoaji ni mtu aliye hai, na aghalabu ni ndugu wa mgonjwa. Hapo ndipo habari za bonde zinapoingia tena hospitalini, kwa kuwa ndugu wa damu mara nyingi ni ndugu wa maji. Walioga katika ziwa moja, wakalala katika dungu moja. Mtoaji aliyeonekana mzima aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu bila ya homa, maana hiyo ndiyo suluhu ya mtu mzima wa pwani, naye akitoa figo, vijidudu huweza kusafiri pamoja nayo. Au mirija yake ya mkojo ina makovu ya kichocho. Matabibu wa Mansoura nchini Misri, ambako kichocho kilikuwa maradhi ya taifa zima, walipambana na jambo hili tangu miaka ya 1970. Walichojifunza ni cha kutia moyo: mwenye kichocho hakatazwi kupokea figo, mradi atibiwe kwanza kwa prazikwanteli, na mpasuaji awe tayari kwa taabu za mirija iliyokakamaa.

Lakini katika vimelea vyote hakuna aliye hatari kwa mpandikizwa kama mnyoo mdogo ambao lugha ya pwani haikumpa jina lake peke yake. Matabibu humwita strongiloidesi. Alionekana kwanza Toulon, Ufaransa, mwaka 1876, katika askari waliorudi na kuhara kutoka nchi ambayo leo ni Vietnam. Huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu mtupu, kama mnyoo wa safura, akapita mapafuni akashukia utumbo. Hapo ndipo anapojitenga na wenziwe. Mnyoo wa safura hutaga mayai ambayo hayana budi kutoka nje yakaanguliwa katika udongo, na kwa hiyo mtu akiacha kukanyaga udongo mchafu, minyoo yake huzeeka ikafa. Strongiloidesi huangua ndani, na baadhi ya watoto wake hukomaa wakiwa bado tumboni, wakatoboa utumbo au ngozi ya karibu na haja kubwa, wakaanza safari upya bila ya kuiona dunia. Kizazi hufuata kizazi katika mtu mmoja. Askari wa Kiingereza waliofungwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili walikutwa naye zaidi ya miaka arobaini baada ya kurudi kwao, katika nchi ya baridi ambako hawakuwahi kumkanyaga.

Mwili mzima humzuia asizidi, ingawa humwachia akae. Mwenye nyumba hana habari. Pengine huwashwa ngozi, pengine tumbo humsumbua kidogo. Mtu huyo akipewa prednisoloni kwa wingi, kama anavyopewa mpandikizwa katika miezi ya kwanza, kizuizi huondoka. Minyoo huzaana kwa maelfu, hutoboa utumbo mahali pengi, huenea mapafuni na hata katika utando wa ubongo, na kila mmoja huburuta vijidudu vya kinyesi akavitia katika damu. Wagonjwa wengi wanaofikia hali hiyo hufa, na aghalabu tabibu hutibu sumu ya damu bila ya kufikiri mnyoo. Tena hali hii haimpati mpokeaji aliyekuwa na mnyoo wake tu. Mwaka 2012 huko Pennsylvania, Marekani, ilithibitika ya kwamba minyoo ilisafiri katika viungo vya mtoaji mmoja ikawaingia waliovipokea. Siklosporini, kwa bahati, yaonekana kuwadhuru minyoo hao kidogo, na matabibu wameona maradhi yakizuka mgonjwa alipobadilishiwa dawa nyingine. Bahati si kinga.

Strongiloidesi yumo katika mwambao. Watafiti wamemkuta Unguja na Bagamoyo. Kumtafuta ni kazi, kwa kuwa darubini ya kawaida iliyozoea kuhesabu mayai ya safura humkosa mara nyingi. Yeye hatoi mayai bali viluwiluwi, tena wachache, leo wapo kesho hawapo. Inahitajika njia ya kuwavuta viluwiluwi kwa maji ya vuguvugu, au kipimo cha damu. Lakini kabla ya kipimo chochote linahitajika swali. Mgonjwa anayefika Muhimbili akitokea Temeke au Mbagala huandikwa kuwa mtu wa mjini, naye ni mtu wa mjini kweli, tangu miaka thelathini. Tabibu asipomwuliza alizaliwa wapi, alilima wapi, alivaa viatu tangu lini, hatajua ya kwamba mbele yake amekaa mtu wa Mbwera au Mchukwi, mwenye mnyoo wa utotoni ambao haukuhesabu miaka. Dawa ya kumkinga ni vidonge vichache vya ivamektini kabla ya upasuaji. Ukilinganisha na gharama ya figo ni kama bei ya chumvi katika karamu.

Na hapa ndipo ugawaji wa dawa za matende unaporudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha ya kwamba Rufiji, baada ya duru kumi na mbili za dawa, ilikuwa bado na maambukizo ya matende katika watu. Habari hiyo ilipokewa kwa huzuni, nayo yastahili huzuni. Lakini katika duru zile zote, kila aliyemeza ivamektini alimpiga pia strongiloidesi bila ya kumjua, na watu wa Rufiji na Kibiti wamepata kinga ambayo hakuna aliyekusudia kuwapa. Kinga hiyo ina kikomo. Wilaya ikitangazwa kuwa imeshinda matende, ivamektini huondolewa. Shule hubaki na albendazoli kwa ajili ya safura na prazikwanteli kwa ajili ya kichocho, na albendazoli ya kumeza mara moja ni dhaifu sana kwa strongiloidesi. Bonde litabaki na udongo wake wa unyevu, na watu wataendelea kushuka kwenda kupanda mlau. Baadhi yao watafika siku moja katika kliniki ya figo Dar es Salaam au Dodoma, pamoja na kaka au dada aliyekubali kutoa yake.